Ndege zinazoingia ndani ya wingu la radi: jibu kwa mama wa Bagira

Swali: "Jambo Mwalimu. Ninaishi Bagira, hapa Bukavu. Wiki iliyopita radi ilipiga mti wa avoka wa jirani yangu, na mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa chini yake wakafa. Jioni hiyo hiyo watu wakaanza kutaja majina, eti radi ile imetumwa. Mwanangu, aliye mwaka wa tano wa sekondari na anasoma sayansi, akawaambia kwamba radi haina mtu wa kuituma, na kwamba kuna wataalamu wanaoingiza ndege makusudi ndani ya mvua ya radi ili kuipima. Wakubwa walimcheka. Mimi nilinyamaza kwa kuwa sikujua. Je, ni kweli? Kama ni kweli, wanatafuta nini humo ndani, na mbona ndege zao hazianguki? Mtoto anasema anataka kufanya kazi hiyo."

Pole kwa mbuzi, Mama, na unifikishie pole kwa jirani yako. Mwanao amesema kweli. Ndege hizo zimerushwa tangu zamani, kabla mimi sijazaliwa, na yale zilizotuletea kutoka ndani ya mawingu yanamhusu kila anayepanda ndege na kila anayefunga mbuzi chini ya mti. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu mtoto aliyechekwa mbele ya watu anastahili kupewa ushahidi wa kutosha.

Tuanze mwaka 1946. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka uliotangulia. Marekani ilibaki na ndege nyingi za kivita na marubani waliozoea kuruka gizani kwa kutazama mishale ya vyombo peke yake. Wakati huohuo ndege za abiria zilikuwa zinaongezeka, nazo zilikutana na mawingu ya radi bila mtu yeyote kuweza kumwambia rubani mle ndani mna upepo wa namna gani. Wingu la radi lilijulikana kwa nje tu, kama sisi tunavyolijua tukilitazama mchana likipanda nyuma ya mlima Kahuzi, jeupe juu na jeusi chini.

Horace Byers, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, akakabidhiwa kazi ya kulijua kwa ndani, akiwa pamoja na mwanasayansi kijana, Roscoe Braham. Walipewa ndege za P-61, zilizoundwa kupigana usiku, zenye injini mbili na rada kwenye pua. Mwaka 1946 walifanya kazi Florida, mwaka 1947 wakahamia Ohio. Ndege tano zilipangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikipishana na ya chini yake kwa futi 5,000 hivi, yaani kama mita 1,500, kisha zote zikaingia katika wingu lilelile. Ya chini ilipita kwenye mvua, za juu zilipita kwenye barafu.

Kuna agizo moja walilopewa marubani ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Rubani alitakiwa kutuliza ndege kabla ya kuingia, kuweka nguvu ya injini mahali pamoja, kisha asishindane na wingu. Likimpandisha, apande. Likimshusha, ashuke, mradi mabawa yake yabaki sawa. Fikiria ugumu wake: umefunikwa na weusi, mvua inapiga kioo, mshale unaoonyesha urefu kutoka chini unazunguka, na mikono yako inatamani kuvuta usukani ili urudi pale ulipokuwa. Lakini rubani anayepigania urefu wake anaharibu kipimo. Asipoupigania, ndege nzima inakuwa chombo cha kupimia, maana kadiri inavyopanda au kushuka ndivyo hewa yenyewe inavyopanda au kushuka. Mvuvi wa kisiwa cha Idjwi hufanya hivyo hivyo anapoinua kasia na kuacha mtumbwi uende, ili ajue maji yanavuta kuelekea wapi.

Waliingia katika mawingu ya radi mara 1,363. Radi ilizipiga ndege zao mara 21, na hakuna ndege hata moja iliyoanguka.

Walichokiona kilibadilisha vitabu. Wingu la radi lina maisha, tena mafupi. Mwanzoni hewa yote ndani yake inapanda, ikibeba mvuke wa joto kutoka ardhini. Baadaye matone na punje za barafu huwa mazito kiasi kwamba upepo unashindwa kuzibeba; zinaanza kuanguka, na zikianguka zinavuta hewa pamoja nazo. Sehemu ya mvua hiyo inakauka njiani, na maji yanapokauka hupoza hewa, kama mgongo wako unavyohisi baridi ukitoka ziwani kabla ya kujifuta. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo inashuka kwa kasi zaidi. Hapo ndipo wingu linakuwa na hewa inayopanda na hewa inayoshuka zikiwa zimekaa bega kwa bega, na hapo ndipo radi, mvua na mtikisiko huwa vikali zaidi. Mwishoni hewa inayoshuka inaenea chini na kukata ile ya joto iliyokuwa ikililisha wingu. Wingu linakufa. Kwa wingu moja peke yake, kuanzia kuzaliwa hadi kufa ni kama saa moja, mara nyingine chini ya hapo.

Mama, wewe unaijua hewa hiyo inayoshuka, hata kama hukuwahi kuambiwa jina lake. Ni ule upepo wa baridi unaofika Bagira dakika chache kabla ya tone la kwanza, ule unaokufanya ukimbie kuanua nguo. Nyumbani kwangu Nguba nina barometa ya zamani, chombo cha kupima mgandamizo wa hewa, niliyopewa na padri mmoja wakati nilipokuwa nafundisha Walungu. Imening'inia barazani, kioo chake kina ufa pembeni. Wingu kubwa linapofika, naenda kusimama mbele yake. Upepo wa baridi unapiga ukuta, pazia linaruka, na mshale uliokuwa umetulia tangu mchana unasogea kidogo kwenda juu. Hewa baridi iliyoshuka kutoka winguni imejaa juu ya mji, ni nzito kuliko ile iliyokuwepo, na barometa inausikia uzito huo kabla hata ya mvua kunyesha. Nimeliona hilo mara nyingi sana na bado linanifanya nisahau chai yangu mezani.

Upepo huo ukishuka polepole unaanua nguo tu. Ukiporomoka kwa nguvu, unaangusha ndege. Tarehe 24 Juni 1975 ndege ya abiria ilianguka ikijaribu kutua New York wakati wa mvua ya radi, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tetsuya Fujita, Mjapani aliyekuwa akifundisha Chicago, alichunguza ajali hiyo na kusema kwamba hewa iliporomoka kutoka winguni, ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote. Wenzake wengi hawakumwamini. Ukitaka kuona alichomaanisha, chukua ndoo ya maji na uimwage kwa mara moja kwenye simenti ya uani: maji yanagonga chini kisha yanakimbia kila upande. Sasa weka ndege inayotaka kutua ivuke sehemu hiyo. Kwanza inakutana na upepo wa mbele, unaoinyanyua. Rubani anapunguza nguvu ili asipitilize uwanja. Halafu inakandamizwa kutoka juu. Halafu upepo unageuka kuwa wa nyuma, mabawa yanapoteza nguvu ya kubeba, na ardhi iko karibu mno. Haya yote yanaweza kutokea katika muda unaohitajika kusoma aya hii.

Sisi pia yametupata. Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Kisangani ilifika uwanja wa N'djili, Kinshasa, wakati wa mvua ya radi. Ilianguka kwenye uwanja, na kati ya watu 33 waliokuwa ndani, mmoja peke yake ndiye aliyepona. Uchunguzi ulitaja upepo wa aina hiyo hiyo.

Ndiyo maana mwaka 1991 na 1992 NASA, shirika la anga la Marekani, ilichukua ndege kubwa ya abiria, Boeing 737, ikaijaza vyombo, na kuipeleka makusudi kwenye miporomoko hiyo ya upepo karibu na Orlando na Denver. Haikushuka hadi usawa wa kutua. Ilibaki juu kiasi cha kuwa na nafasi ya kujiokoa. Walitaka kujua kama rada inaweza kuuona upepo huo mbele, sekunde chache kabla ndege haijaufikia. Iliweza. Rada za namna hiyo sasa zimo puani mwa ndege nyingi za abiria, na rubani anaposikia sauti ya onyo akiwa anatua, huongeza nguvu na kuondoka bila kusubiri aelewe kilichopo. Ajali za aina ya New York na Kinshasa zimepungua sana mahali ambapo vifaa hivyo vipo. Ninasema "mahali ambapo vipo" kwa makusudi, kwa sababu ndege nyingi ndogo zinazotuhudumia hapa Kivu hazina rada hiyo, na viwanja vyetu havina ya kwao. Rubani wa ndege ndogo anayekuomba ufike uwanjani alfajiri anakulinda: asubuhi milima haijapata joto, na mawingu bado hayajapanda.

Sasa radi yenyewe. Hapa ndipo swali la mwanao linakuwa tamu, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

NASA ilikuwa na ndege ya kivita ya F-106B katika kituo chake cha Langley, Virginia: injini moja, mabawa ya pembetatu, viti viwili, rubani mbele na mtu wa vyombo nyuma yake. Kati ya 1980 na 1986 ndege hiyo iliingia katika mawingu ya radi mara 1,496. Radi iliipiga mara 714. Siku moja mwaka 1984, ikiwa futi 38,000 juu, karibu kilomita 11 na nusu, ilipigwa mara 72 ndani ya dakika 45. Jaribu kuwa mtu wa kiti cha nyuma siku hiyo: mwanga mweupe unajaza vioo, mlio mkavu unasikika kwenye bati, unatazama kama vyombo vimenasa kipimo, na kabla hujamaliza kuandika inakuja nyingine. Walirudi nyumbani wote. Ndege yenyewe leo imewekwa katika jumba la makumbusho mjini Hampton, kwenye jimbo hilohilo.

Kwa nini haikuanguka? Ngozi ya ndege ni aluminiamu, na umeme hupita juu ya ngozi hiyo bila kuingia ndani. Michael Faraday alionyesha jambo hili huko Uingereza mwaka 1836 kwa kukaa ndani ya kizimba cha chuma huku kikipigwa na umeme mkali kwa nje. Mwanao atakutana na jina hilo darasani kama bado hajakutana nalo. Radi huingilia kwenye ncha, mara nyingi pua au ncha ya bawa, na hutokea kwenye ncha nyingine, mara nyingi mkia. Pale ilipogusa inaacha doa dogo la chuma kilichoyeyuka, mfano wa lile analoliacha fundi wa kuchomelea fimbo yake ikigusa bati bila kukusudia. Na kwa sababu ndege inakimbia huku radi bado inawaka, madoa hayo hujipanga mstari kutoka mbele kwenda nyuma, kama mshono wa cherehani.

Nisikufanye uamini kwamba hakuna hatari. Tarehe 8 Desemba 1963 radi ilipiga Boeing 707 ya abiria karibu na Elkton, Maryland, mvuke wa mafuta ndani ya tangi la bawa ukashika moto, na watu 81 waliokuwemo wakafa wote. Baada ya hapo matangi, vifuniko na mabomba ya mafuta yalianza kuundwa na kupimwa upya ili cheche isipate njia. Vipimo vya F-106B vilisaidia kujua umeme wa radi hupanda kwa kasi gani ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na hiyo ni habari muhimu kwa ndege za sasa zinazoongozwa na kompyuta. Ndege mpya kama Boeing 787 zina mwili wa nyuzi za kaboni, ambazo hazipitishi umeme vizuri kama aluminiamu. Kwa hiyo ndani ya ngozi yake mmefumwa wavu mwembamba wa shaba. Kwa wastani ndege moja ya abiria hupigwa na radi karibu mara moja kwa mwaka. Abiria wanaona mwanga, wanasikia kishindo, ndege inatua, mafundi wanatafuta madoa.

Kilichonishangaza mimi niliposoma kazi ya F-106B kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, ni mahali ilipopigwa. Ungedhani ni katikati ya vurugu, penye mvua nzito na mtikisiko mkali. Kinyume chake, mapigo mengi yalitokea sehemu ambazo rada ilionyesha mvua kidogo na ndege haikutikisika sana, juu kabisa, penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sehemu tulivu ya wingu la radi si sehemu salama. Rubani anayeona njia nyeupe katikati ya minara miwili ya mawingu na kudhani amepata upenyo anapaswa kulijua hili.

Na kuna jingine lililo kubwa zaidi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba radi huwa iko safarini, ndege inakatiza njia, zinakutana kwa bahati mbaya. Vipimo vya F-106B, na vya ndege nyingine iitwayo Convair 580 iliyofanya kazi hiyo miaka hiyohiyo, vilionyesha kwamba mapigo mengi, kama tisa kati ya kumi, huanzishwa na ndege yenyewe. Heinz Kasemir alikuwa amelifikiria jambo hili kwa hesabu tangu miaka ya 1950. Vladislav Mazur alilithibitisha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kusoma rekodi za ndege hizo mbili.

Nieleze kwa taratibu. Ndani ya wingu, juu penye baridi, vipande vidogo vya barafu hugongana na punje nzito zaidi za barafu tepetepe. Kila zinapogusana, chaji, yaani umeme uliotulia juu ya kitu, hubadilishana, kama sweta ya nailoni inavyotoa cheche ukiivua gizani. Vipande vyepesi hupeperushwa juu vikiwa na chaji chanya, punje nzito hubaki katikati zikiwa na chaji hasi. Wingu zima linakuwa na msukumo wa umeme kati ya juu na katikati, na kati ya katikati na ardhi, lakini hewa haipitishi umeme kirahisi, hivyo msukumo unazidi kukua. Sasa ingiza chuma kirefu katikati ya hali hiyo. Msukumo wote wa mahali pale unajikusanya kwenye ncha za chuma. Ncha moja inatoa cheche kuelekea kwenye chaji hasi, kisha ncha ya pili inatoa cheche kuelekea upande wa chanya. Cheche hizo mbili zinarefuka, zikitoka kwenye chuma kilicho katikati, mpaka zinafika kwenye akiba kubwa za wingu. Radi imezaliwa, na imezaliwa kutoka kwenye ndege.

Nakuomba uwasomee majirani sehemu hiyo, Mama, kwa sababu mti wa avoka wa jirani yako ni ncha. Umesimama mlimani, una maji ndani yake, na ni mrefu kuliko kila kitu kilichouzunguka. Wingu lilipokaribia likiwa na chaji hasi chini yake, njia ya umeme ilianza kushuka, na cheche ikapanda kutoka kwenye kilele cha mti kwenda kuipokea. Umeme ukateremka kwenye shina, ukasambaa ardhini. Ardhi iliyo karibu na shina ina nguvu kubwa ya umeme, iliyo mbali kidogo ina ndogo, na mbuzi aliyesimama huku miguu ya mbele ikiwa karibu na mti na ya nyuma ikiwa mbali anakuwa daraja. Umeme unapanda mguu mmoja, unapita kifuani, unashukia mwingine. Binadamu mwenye miguu iliyobanana ana nafuu kidogo; mnyama wa miguu minne hana. Kamba iliyowafunga mbuzi wale chini ya mti ndiyo iliyowaua, na hakuna aliyeifunga kwa nia mbaya.

Ninalisema kwa uzito wote. Hapa Kivu watu wamefukuzwa vijijini mwao, na wengine wameuawa, mara nyingi wazee na wajane, kwa sababu ya radi. Majina yaliyotajwa Bagira jioni ile ni ya watu wenye familia. Ukisikia yakitajwa tena, tafadhali usinyamaze.

Tena tusishangae radi kupiga kwetu. Satelaiti iliyorushwa mwaka 1997 na Marekani pamoja na Japani ilikaa miaka mingi ikihesabu miali ya radi kutoka juu. Wanasayansi walipotengeneza orodha kutoka rekodi za 1998 hadi 2013, iliyotolewa mwaka 2016, ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza duniani, likiwa na miali kama 233 kwa mwaka kwa kila kilomita ya mraba. Ya pili duniani, na ya kwanza Afrika, ni sehemu iliyoandikwa kwa jina la Kabare, jirani zetu hapa, yenye miali 205. Milima yetu ndiyo sababu. Mchana miteremko inapata joto, hewa yenye unyevu mwingi kutoka bonde la Kongo inasukumwa juu, na mawingu yanajengwa upande wa magharibi wa milima siku baada ya siku. Kama kungekuwa na haki katika kugawa vyombo vya kupimia radi, vingeanzia hapa.

Kuhusu ndege nyingine nitapita haraka. Shule ya Madini na Teknolojia ya South Dakota ilikuwa na T-28, ndege ndogo ya pangaboi moja iliyofunikwa bamba nene kwenye kingo za mabawa na kuwekewa kioo kinene cha mbele, ili iweze kupita ndani ya mvua ya mawe. Kwa zaidi ya miaka 30 ilirudi na makovu na vipimo. Siku hizi watafiti hupenda pia kupita juu ya wingu badala ya ndani yake. Mwaka 2023 ndege ya NASA ya ER-2 iliruka kutoka Florida kwenye kimo cha kilomita 20 ikiwa na vyombo vya timu ya Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, na katika safari 9 kati ya 10 ilikuta mawingu ya radi yakitoa mionzi ya gama, mionzi yenye nguvu nyingi isiyoonekana kwa macho, kwa saa nzima nzima, yakiwaka hapa na kuzimika pale. Watafiti wenyewe waliyafananisha na chungu kinachotokota. Sisi tuseme kama sufuria ya bugali kabla unga haujakaza. Hadi juzi tu hakuna aliyejua kwamba mawingu hufanya hivyo kwa kiasi hicho.

Nabaki na mwanao. Mwambie kwamba ndani ya ndege hizo rubani ni mmoja tu kati ya wengi: kuna wa rada, wa vyombo vya umeme, wa kutabiri mawingu yatakapozaliwa, na wa hesabu anayekaa miezi na rekodi baada ya ndege kutua. Fizikia na hesabu anazosoma sasa ndizo hizo hizo. Lakini kuna mtu mmoja ningependa amjue kabla ya wote, naye ni yule Fujita.

Mwaka 1947, Byers akiwa Ohio na ndege zake, Fujita alikuwa mwalimu kijana katika kisiwa cha Kyushu, nchi yake ikiwa imeshindwa vita. Hakuwa na ndege. Tarehe 24 Agosti mvua ya radi ilipita, naye akachukua rekodi za upepo na za barometa kutoka kituo cha hali ya hewa kwenye mlima Seburi, akaziweka pamoja, na kutoka kwenye mistari hiyo ya wino akatambua kwamba ndani ya wingu la radi kuna hewa baridi inayoshuka. Baadaye ripoti ya Byers ilimfikia, ikiwa imetupwa kwenye takataka za kituo cha rada cha Wamarekani kilichokuwa mlimani hapo. Akanunua mashine ya kuandikia yenye herufi za Kiingereza, akatafsiri kazi yake, akamtumia Byers. Byers aliona kwamba kijana huyu, karibu bila fedha, amefika palepale walipofika wao kwa makundi ya ndege. Mwaka 1953 alimwita Chicago.

Kwa hiyo mtoto apate daftari. Mvua ijayo, akiwa ndani ya nyumba, aandike saa aliyoona mwanga wa kwanza, na ahesabu sekunde mpaka ngurumo. Akigawa kwa tatu anapata umbali kwa kilomita. Aandike saa upepo wa baridi ulipogonga dirisha, na saa tone la kwanza lilipogonga bati. Baadhi ya simu zina barometa ndani yake. Ikiwa yenu inayo, aandike na namba hiyo kila baada ya dakika tano. Mimi nitafanya vivyo hivyo Nguba mbele ya barometa yangu yenye ufa. Kutoka kwenu hadi kwangu ni kilomita chache, na saa zetu zikiwa zimelinganishwa tutaona upepo ulichukua dakika ngapi kati ya nyumba mbili. Ila kwa nyumba mbili hatutajua wingu lilitoka upande gani hasa. Tunahitaji daftari la tatu, nje ya mstari wetu. Kama ana rafiki wa darasani anayekaa Panzi, amwombe.